Vazi la Dhahabu Lililoficha Bilauri

Januari 2008, kwenye nyumba moja ya mnada huko Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, liliwekwa mezani birika lenye mapambo ya dhahabu na enameli, yaani kioo cha rangi kilichoyeyushiwa juu ya madini. Katalogi ililieleza kuwa ni birika la mvinyo la Kifaransa, la karne ya 19, na bei iliyokisiwa ilikuwa pauni 100 hadi 200. Nyundo ilipogongwa, bei ilikuwa imefika pauni 220,000. Wapo waliokuwa wamelitambua. Mauzo hayo yakafutwa kwa maelewano, na Oktoba mwaka huohuo birika likanadiwa upya Christie's, London, likaondoka kwa zaidi ya pauni milioni 3.

Kati ya Januari na Oktoba birika halikuongezwa wala kupunguzwa kitu. Safari hii lilisomwa vizuri, basi. Mwili wake si kioo, ni bilauri, jiwe la asili. Tena halikuchongwa Ufaransa bali Misri, chini ya makhalifa wa Kifatimiya, nasaba ya Kiislamu iliyotawala Misri, mwishoni mwa karne ya 10 au mwanzoni mwa karne ya 11. Ubavuni mwake wamo duma waliofungwa minyororo. Kifaransa ni dhahabu tu: sonara Jean-Valentin Morel ndiye aliyelivisha mwaka 1854. Chombo cha miaka karibu elfu moja kilipewa umri wa nguo yake.

Kosa hilo halinishangazi, na sidhani lilitokana na uvivu. Dhahabu ndivyo inavyofanya kazi. Macho yanaifuata, akili inayafuata macho, na jiwe lililo ndani linabaki kuwa kitu kinachoshikilia dhahabu. Vyombo vya mawe magumu vilivyovishwa namna hii ni fahari ya makumbusho makubwa ya Ulaya: Louvre mjini Paris, Prado mjini Madrid, Jumba la Pitti mjini Florence, Kunsthistorisches mjini Vienna. Mara nyingi husimuliwa kama historia ya masonara wa Ulaya na wafalme waliowalipa. Mimi naviona tofauti. Naona jiwe lililotoka mbali, likachongwa na fundi asiyetajwa, likapita mikono mingi, kisha akaja mwenye dhahabu akalifunga mkanda, na tangu siku ile likaitwa lake.

Neno bilauri lenyewe tunalo mdomoni kila siku. Ukiomba bilauri ya maji Unguja au Mombasa utaletewa glasi. Lakini neno limetoka Kiarabu, na huko maana yake ni lile jiwe, kwatzi angavu isiyo na rangi, baridi mkononi hata saa saba za mchana. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walilishika kwa maana hiyo ya zamani walipouelezea, katika Ufunuo, mto wa maji ya uzima unaong'aa kama bilauri. Kioo kiliuigiza mng'ao wa jiwe, kikaishia kurithi jina lake.

Bilauri na ndugu zake, yaani akiki, yaspi na sardoniki, ni mawe magumu kuliko kisu cha chuma. Ukikipitisha kisu juu yake hakiachi alama. Huwezi kulichonga kwa patasi kama ubao wa mlango wa Lamu, kwa sababu litapasuka. Hulazimika kusagwa. Fundi hutumia keekee na magurudumu madogo yaliyopakwa unga wa jiwe gumu zaidi, uliochanganywa na mafuta au maji, akasugua siku baada ya siku. Waliotengeneza mabirika ya Kifatimiya walianza na bonge moja la bilauri lisilo na ufa. Wakaingiza keekee kwenye shingo nyembamba, wakalichimba tumbo kwa ndani, wakisikiliza kwa vidole kuliko kuona, mpaka ukuta ukabaki milimita chache tu. Kwa nje waliusaga uso mzima na kuacha wanyama na majani yakisimama juu yake, na mshikio ukatoka kwenye bonge lilelile. Mkono ukitetereka siku ya mwisho, kazi yote imekwisha. Mabirika ya namna hiyo yaliyosalia duniani hayafiki kumi. Moja, lililo katika hazina ya Kanisa la Mtakatifu Marko mjini Venice, lina jina la khalifa al-Aziz aliyetawala kuanzia 975 hadi 996. Jingine, lenye jina la jemadari Husain bin Jawhar, lilikuwa Pitti. Mwaka 1998 lilidondoka humohumo makumbusho likavunjika vipande vipande.

Dhahabu inaingiaje hapo? Aliyewahi kuketi dukani kwa sonara akingojea pete yake ya akiki anajua kwamba moto hausogezwi karibu na kito. Kikombe cha pete hutengenezwa kwanza, kikapoa, ndipo jiwe likatiwa na ukingo ukakunjwa taratibu kulishika. Kwa chombo kikubwa kanuni ni hiyohiyo. Mikanda ya ukingo, shingo na kitako hutengenezwa pembeni, ikajaribiwa juu ya jiwe, ikarudishwa mezani, ikajaribiwa tena, kisha ikafungwa kwa bawaba, pini na skrubu. Dhahabu inafaa kwa sababu ni laini, inafuata umbo la jiwe bila kulibana mpaka likapasuka, na haishiki kutu. Inafunika ufa. Inachukua nafasi ya mshikio uliokatika. Inakipa kikombe kisicho na mguu mguu wa kusimamia.

Kwa hiyo sina ugomvi na masonara. Wengine walifanya kazi ambayo mtu akiiona ananyamaza. Huko Florence kuna chupa ya lapisi lazuli yenye urefu wa sentimita 40 hivi, iliyobuniwa na Bernardo Buontalenti mwaka 1583 na kuvishwa dhahabu na enameli na Jacques Bylivelt, sonara wa Medici, ukoo uliotawala Florence. Buluu ile nzito, jiwe ambalo tangu kale lilichimbwa Badakhshan huko Afghanistan, na juu yake mishikio ya dhahabu iliyo myembamba kama vikonyo vya ua. Dhahabu pale haimpigii kelele mtu. Inaliacha jiwe lionekane.

Shida huanza dhahabu inapopewa maneno. Abati Suger, aliyeongoza abasia (nyumba ya watawa) ya Saint-Denis karibu na Paris kuanzia 1122 hadi 1151, alieleza kwa mkono wake mwenyewe kwamba alikuta gudulia la porfiri, jiwe gumu, limekaa sandukuni bure miaka mingi. Akalifanya tai. Kichwa, mabawa, mkia na makucha ni fedha iliyochovywa dhahabu. Tumbo la ndege ndilo gudulia lenyewe, jekundu la kuelekea zambarau. Leo liko Louvre. Suger akaandikisha juu yake beti za Kilatini zisemazo kwamba jiwe hili linastahili kuzungukwa na vito na dhahabu: lilikuwa marumaru, lakini ndani ya mapambo haya limekuwa la thamani kuliko marumaru.

Lilikuwa marumaru! Porfiri ile Warumi waliipata mahali pamoja tu, kwenye milima ya Jabal Dukhan, jangwa la mashariki mwa Misri. Mabonge yalikokotwa jangwani mpaka Nile, yakateremshwa kwa mashua hadi baharini. Ilikuwa rangi ya makaisari. Walichongewa sanamu na majeneza yao katika jiwe hilo. Aliyelitoboa gudulia lile alisaga kitu kigumu kuliko chuma chochote alichokuwa nacho Suger. Kisha, karne nyingi baadaye, mtu anakitoa chombo hicho sandukuni, anakitia mabawa, na anatuambia kwamba thamani imeanzia kwake. Siuoni uovu moyoni mwa Suger, maana alikuwa akimpambia Mungu nyumba. Lakini beti zake zimeweka kanuni ambayo makumbusho bado yanaifuata: jiwe ni malighafi, mapambo ndiyo kazi ya sanaa.

Na Suger huyohuyo aliacha ushahidi wa njia nyingine. Katika Louvre, jirani na tai, pana chombo cha bilauri kilichosagwa visura vidogovidogo kama sega la nyuki, nacho kimevishwa fedha iliyochovywa dhahabu na vito. Kwenye kitako yameandikwa maneno machache: chombo hiki, Anor akiwa bibi harusi alimpa mfalme Ludovico, Mitadolus alimpa babu yake Anor, mfalme alinipa mimi, nami Suger nawapa watakatifu. Anor ni Eleanor wa Aquitaine, mke wa Louis wa 7. Mitadolus, wanahistoria wanamtambua kuwa ni Imad al-Dawla, mtawala Mwislamu wa Zaragoza, Uhispania. Angalia jinsi maandishi hayo yanavyotembea. Kila mkono umetajwa, pamoja na wa Mwislamu, kwenye chombo kilichowekwa altareni mwa kanisa la wafalme wa Ufaransa. Inawezekana basi kuandika juu ya dhahabu bila kumfuta aliyetangulia. Nafasi ilikuwapo, maneno yalitosha, na fundi alijua kuchora herufi. Anayekosekana kwenye mstari huo ni mmoja tu, yule aliyelisaga jiwe.

Wengine hawakuhitaji hata dhahabu. Lorenzo de' Medici, aliyefariki 1492, alikusanya vyombo vya akiki, sardoniki, yaspi na bilauri vilivyochongwa kabla yake, vingine karne nyingi kabla, na akaagiza herufi zikatwe kwenye mwili wa jiwe lenyewe: LAVR.MED. Bado zinasomeka. Vingi vya vyombo hivyo viligeuzwa kuwa vya kutunzia masalia ya watakatifu katika Kanisa la San Lorenzo, na leo umati unapita mbele yake Florence ukivijua kwa jina la Lorenzo. Ukiuliza kabla ya hapo vilikuwa vya nani, jibu linakuwa jina la karne na jina la eneo.

Kuna jambo moja ambalo watetezi wa mapambo hulipita haraka: dhahabu yenyewe haidumu. Simaanishi kwamba huharibika, ila huyeyushwa. Kikombe cha sardoniki kiitwacho Kikombe cha Watolemi, kazi ya zama za kale, kilikuwa Saint-Denis kimevishwa mguu wa dhahabu wenye maandishi yaliyomtaja Karlus, mfalme wa Wafaranki. Malkia wa Ufaransa walikinywea mvinyo siku ya kutawazwa. Mwaka 1804 wezi wakakiiba mjini Paris pamoja na vitu vingine. Kikombe kilipopatikana, mguu wa dhahabu ulikuwa umeshayeyushwa. Maandishi, jina la mfalme na vito, vyote vilipotea ndani ya chungu cha moto. Kilichorudi ni jiwe tupu, lenye nakshi zake zilezile. Katika wizi huohuo iliibwa kalisi ya Suger, yaani chombo cha divai ya misa, yenye kikombe cha sardoniki. Hiyo ilinusurika na dhahabu yake, na baada ya safari ndefu imeishia Washington, Marekani, katika National Gallery of Art. Na Prado, ambako iko hazina ya mwana wa Louis wa 14 aliyeitwa Dauphin, wizi uliogunduliwa 1918 uliacha vyombo kadhaa vimepotea na vingine vimenyofolewa dhahabu na vito. Mwizi anajua anachokitaka. Jiwe huliacha, kwa sababu jiwe lililochongwa haliyeyuki likawa pesa.

Tena dhahabu hudanganya. Reinhold Vasters, sonara wa Aachen, Ujerumani, aliyezaliwa 1827 na kufariki 1909, alikuwa fundi hodari na kwa muda mrefu aliaminiwa kama mkarabati wa hazina ya kanisa kuu la mji huo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 michoro yake, zaidi ya 1,000, iliyokuwa imehifadhiwa Victoria and Albert Museum mjini London, ilitazamwa kwa makini. Ndani yake zilikuwamo ramani za utengenezaji wa mapambo ya vyombo ambavyo matajiri na makumbusho walikuwa wamevinunua kama kazi za karne ya 16. Vikombe vya bilauri na yaspi vyenye enameli ya kupendeza, vilivyosifiwa kwa miongo mingi, vikalazimika kuandikiwa tarehe upya. Vasters alilifahamu soko. Alijua wanunuzi wanaisoma dhahabu ili kujua umri wa chombo, akawapa dhahabu ya kusoma. Lile birika la Somerset lilipata balaa hilohilo kwa upande wa pili: kule mapambo mapya yalifanya chombo kionekane cha kale, huku yakafanya chombo cha kale kionekane kipya. Mkanda wa ukingo ulisomwa kabla ya mwili, mara zote mbili.

Haya yananigusa mimi, mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa sababu ya mstari mmoja wa al-Biruni. Mwanachuoni huyo, aliyeishi kati ya karne ya 10 na ya 11, aliandika katika kitabu chake cha mawe ya thamani kwamba bilauri iliyochongwa Basra ililetwa kutoka visiwa vya Zanji na Dibajat, yaani Maldivi na jirani zake. Zanji ni sisi, ni pwani hii na bahari yake. Al-Biruni anaeleza pia kazi ilivyogawanywa Basra: palikuwa na mtu aliyelitazama bonge ghafi na kuamua ni chombo gani kikubwa na kizuri zaidi kinachoweza kutoka ndani yake, ndipo bonge likaenda kwa wachongaji; naye huyo wa kuamua alilipwa zaidi, kwa kuwa ujuzi na kazi ya mkono si sawa. Nasir Khusraw, Mwajemi aliyefika Cairo miaka ya 1040, aliwaona mafundi wakichonga bilauri sokoni karibu na Msikiti wa Amr. Akaandika kwamba zamani jiwe lilitoka Maghribi, lakini siku hizo limekuja jingine bora kutoka Bahari ya Shamu. Kwa anayejua ramani, Bahari ya Shamu ni mlango, na ng'ambo ya mlango ni Bahari ya Hindi, na pepo za kaskazi na kusi.

Sidai kwamba birika la duma limetoka kwetu. Birika halikuja na cheti cha kuzaliwa. Lakini bilauri kubwa na safi iko Madagaska, na huko Dembeni, kisiwani Maore katika Komoro, wanaakiolojia wamefukua vipande vingi vya bilauri katika mji wa biashara wa karne ya 9 hadi ya 12, wakavihusisha na Madagaska. Miji ya Waswahili ilikuwa katikati ya njia hiyo. Vitabu vyetu vya shule, vinapoorodhesha bidhaa za pwani ya kale, vinataja pembe za ndovu, dhahabu, watumwa, boriti za mikoko, ambari, magamba ya kasa. Bilauri haimo, ingawa al-Biruni ameiandika waziwazi. Hili ni kosa letu wenyewe, wala halihitaji kibali cha Paris kulirekebisha.

Najua jibu litakalokuja: kukivisha chombo cha mgeni ni heshima, na kila jamii imefanya hivyo. Ni kweli, nasi tumefanya. Kaburi la nguzo la Mambrui, kaskazini ya Malindi, lilipambwa kwa bakuli za kauri za China zilizopachikwa kwenye matumbawe na chokaa, na huko Kunduchi makaburi yana mashimo ya mviringo yaliyokuwa yamebeba sahani za namna hiyo. Bakuli la ng'ambo lilichukuliwa, likawekwa mahali pa heshima kuliko sinia lolote la nyumbani. Tofauti ninayoiona ni ndogo lakini naishikilia. Nguzo ya Mambrui haikusema kwamba bakuli lilikuwa udongo mpaka lilipofika kwetu. Liliachwa kuwa bakuli, uso wazi, kila mpita njia akajua limetoka ng'ambo, na kutoka kwake ng'ambo ndiyo ilikuwa sifa yake.

Ninachokiomba kwa makumbusho si kuvua dhahabu. Kuvua kungekuwa uharibifu mwingine, maana Morel naye ni sehemu ya historia ya birika, na Suger pia. Naomba kibao cha maelezo kiwe na mistari mitatu inayolingana: jiwe limetoka wapi kadiri ushahidi unavyofika, limesagwa wapi na lini, na limevishwa na nani. Kwa kawaida mstari wa tatu huja na jina, mwaka na mji, pengine na habari za mteja. Wa pili hupata neno moja, Misri au Bizanti. Wa kwanza haupo kabisa. Birika la duma lilipelekwa Dallas, Marekani, kwa mkopo pamoja na mkusanyo wa Keir, mkusanyo wa sanaa ya Kiislamu, na waliolisoma upya mwaka 2008 walifanya nusu ya kazi: walilirudishia Misri yake. Nusu nyingine iko kwenye mifuko ya plastiki yenye namba za uchimbaji, vipande vya bilauri kutoka Dembeni, ghafi, vingine havizidi ukucha wa kidole gumba, ambavyo hakuna sonara aliyewahi kuvigusa.